Maneno ya Maalim kwa Sauti Yangu

Alhamisi iliyopita nilirudisha ufunguo wa kabati la mafaili. Ninyi wenzangu wa ofisini mkanipa keki iliyoandikwa nusu ya jina langu, kwa kuwa lote halikutosha, na hotuba mbili zilizonifanya nijihisi marehemu. Kisha mkaniomba niandike kidogo kuhusu miaka yangu ya kazi, hasa yale ambayo hayamo kwenye miongozo. Haya, nimekaa. Vyeo sitavigusa, maana sikuwahi kuwa na cheo cha kumkera mtu. Nilianza nikiwa mpitisha sauti na nimemaliza nikiwa mpitisha sauti. Vyombo tu ndivyo vilivyopungua ukubwa.

Nilizaliwa Chovai, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Somalia, na kazi niliianzia Kismayu, katika chumba cha redio cha bandarini, wakati serikali bado ipo. Kilikuwa ghorofani nyuma ya ghala la ndizi, kina dirisha moja lisilofunguka na redio ya kijivu yenye ukubwa wa sanduku la bibi harusi. Mkuu wangu alikuwa Bwana Famau, mtu wa kisiwa cha Kudhaa, mfupi, mla tambuu, asiyecheka na mtu. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kugusa maikrofoni. Alinivisha vile visikizio vya masikioni akaniacha nisikilize tangu asubuhi hadi alasiri.

"Umesikia nini?" akaniuliza.

"Mkwaruzo mtupu, bwana."

"Basi na kesho uye usikilize."

Siku ya tatu, chini ya ule mkwaruzo, nikaanza kumsikia mtu. Alikuwa nahodha mmoja akiomba maji ya kunywa, na nadhani alikuwa akiyaomba tangu siku ya kwanza. Nawaambieni ninyi mnaokata simu kwa kuwa laini ni mbaya: subirini kidogo, aghalabu yuko mtu chini yake.

Redio za visiwani zilikuwa dhaifu. Mtu wa Fuma akimtaka jamaa yake Mombasa, sisi wa Kismayu tuliyapokea maneno yake tukayarusha mbele, na kazi hiyo tuliiita kupokeza. Bwana Famau alikuwa na sharti moja: kabla hujapokeza, mtaje mwenye maneno. "Maneno ya Bwana Ali wa Fuma." Ukimaliza: "Maneno ya Bwana Ali yamekoma." Sharti hilo halikuwa la bandari, lilitoka kwetu visiwani. Kwetu hata mtoto akitumwa chumvi nyumba ya pili huanza kwa kumtaja aliyemtuma, na asipomtaja hurudi na kofi badala ya chumvi.

"Mchu akisikia sauti yako ataona ni wewe usemao," Bwana Famau alinambia kwa Kibajuni chetu, ambamo mtu ni mchu. "Mwambie si wewe. Usipomwambia umemdanganya, hata kama kila neno ni la kweli."

Nililishika sharti hilo miaka mingi bila taabu. Nililivunja mara moja tu, na sehemu kubwa ya niliyokaa kuyaandika hapa ni ya mara hiyo moja.

Serikali ilipoanguka bandari iliporwa kwa siku mbili. Redio ya kijivu ilibebwa na watu wanne, na baadaye nikaliona kasha lake likifugiwa kuku. Visiwa vyetu vilivamiwa na watu wenye bunduki waliotuona si wa ukoo wowote wenye kulipiza kisasi, na kweli hatukuwa nao. Watu wakajazana mashuani wakaenda Kenya. Bwana Famau akaenda. Dada yangu Barke naye akaenda, pamoja na mumewe Omari, fundi wa mashua. Mimi na Barke tulilelewa na bibi yetu baada ya mama kufa. Tulikuwa wawili tu, na mpaka siku ile hatukuwahi kutengana zaidi ya safari ya siku tatu. Alinivuta mkono pale ufukweni nipande. Nikamwambia nitafuata.

Sikufuata. Nilipata redio ndogo ya masafa marefu, betri ya gari na waya niliouvuta kutoka dirishani hadi kwenye mnazi, nikafungua chumba cha fonia, yaani cha kuwaunganisha watu kwa redio kwa malipo. Kila aliyekimbia alihitaji mtu wa kuzungumza naye aliyebaki, na kila kambi ilikuwa na chumba kama changu. Wateja walikaa kwenye mabenchi wakingoja zamu zao. Siri haikuwepo. Yeyote mwenye redio kwenye masafa yale alisikia nani ameposwa, nani amezikwa, nani amekwenda Ulaya akasahau kwao. Ukitaka kujua jinsi taifa linavyolia, kaa kwenye kiti kile mwezi mmoja.

Barke alikuwa kambini Mombasa. Kila Jumatatu baada ya dhuhuri zamu ilikuwa yetu.

"Kaka, nyumba yetu ingali na paa?"

"Ingali nalo."

Halikuwapo. Niliuezeka uongo ule kila Jumatatu. Tulimaliza mazungumzo kwa kuulizana tumekula nini, kisha nikazima redio, na chumba kikawa kimya kiasi cha kunikasirisha. Nilimtamani dada yangu hadi nikajikuta napika viazi vitamu kama alivyovipika yeye, nami viazi vitamu sivipendi.

Katika miaka hiyo ndipo alipoanza kuja Maalim. Jina lake silitaji. Mnaweza kumwita Maalim kama tulivyomwita sote. Alikuwa mwalimu wa hesabu, umri wake karibu miaka thelathini, mtu wa bara, mwenye kanzu moja safi. Alivua viatu mlangoni ingawa sakafu yangu haikustahili heshima hiyo. Kila wiki alizungumza na mama yake aliyekuwa kambini Kenya. Mama yule alikuwa na sauti kavu yenye kitetemeko mwishoni mwa kila neno, na sikuzote alimuuliza mwanawe jambo lile lile kwa Kisomali: amekula? Maalim alimjibu amekula, na mimi niliyeketi naye asubuhi nzima nilijua hakula.

Baada ya zamu yake hakuondoka. Alibaki kusikiliza, akaniuliza maswali mazuri. Kwa nini asubuhi natumia masafa haya na mchana yale? Najuaje nani yuko kambi gani? Kisiwa kisiposikika, nampitia nani? "Adeer," aliniita, yaani ami, "wewe una nchi nzima ndani ya chumba hiki." Sikuwahi kupata mwanafunzi aliyesikiliza hivyo. Nikamfundisha yote, na nilijivuna. Aliandika katika daftari lake la hesabu miji, saa, na watu wa kupokezea.

Akapotea mwaka mzima. Aliporudi alirudi na watu na magari, na sitawadanganya: mji ulimshangilia. Alivunja vizuizi vya barabarani ambapo wahuni walikuwa wakiwavua watu hata mikanda. Mwanamke akaweza kutoka sokoni na kapu lake likafika nyumbani na kila kilichokuwamo. Wenye ugomvi wa viwanja walikwenda kwake, akaamua mchana ule ule. Nami nilimsifu kwenye mabenchi yangu, tena kwa sauti. Mtu aliyeishi na fujo miaka mingi hamuulizi mwenye kuituliza anaituliza kwa nini.

Kisha yakaja makatazo, moja baada ya moja. Maulidi. Ngoma za harusi. Makaburi ya masharifu yakavunjwa kwa nyundo. Mtu mmoja akakatwa mkono uwanjani, na watu wakaamrishwa kutazama. Nikatambua pia jambo jengine. Kila mji alioutwaa ulikuwa na chumba chenye redio, betri na waya, na vyumba hivyo vilipokezana kwa saa zile zile na kwa mpango ule ule niliomfundisha. Mtandao wake niliusikia ukikua kutoka kwenye kiti changu, mji baada ya mji, nikazijua hata hatua zake, maana zilikuwa zangu. Sikumwambia mtu. Nilijiambia mimi ni mpitisha sauti tu, na neno hilo "tu" limewalaza watu wengi usingizi.

Jumatatu moja Maalim alikuja mwenyewe, kabla ya zamu ya Barke. Akavua viatu. Walinzi wake wawili wenye bunduki hawakuvua.

"Adeer," akasema, "nataka watu wa visiwani warudi. Visiwa ni vyao. Nitawalinda. Uwaambie kwa lugha yao."

"Nitapokeza, Maalim."

"Usinitaje. Wakisikia jina langu wataogopa. Sauti yako wanaijua."

Sasa nawaomba msome polepole, kwa sababu miaka mingi nimejitetea kwamba niliogopa bunduki zile mbili mlangoni. Niliziogopa, kweli. Lakini ningeweza kuligeuza jambo. Ningeweza kusema kwa Kibajuni, "Maneno ya mwenye mji," naye asingelijua neno langu lolote. Ilikuwa kazi ya pumzi moja. Sikulisema kwa sababu nilitaka Barke arudi. Nilitaka kumwona akiingia mlangoni akilalamika juu ya vumbi langu. Kwa ajili hiyo nikayafanya maneno ya mtu mwengine kuwa yangu.

Nikaita Mombasa. Kambi nzima ilikuwa imekusanyika, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa siku ya Wabajuni. Nikasema: rudini, nyumba zenu zipo, hakuna atakayewagusa.

Kwanza ulikuja mkwaruzo, kisha Barke. "Kaka, ni kweli? Vachu varudi?"

Nikamfasiria Maalim. Akaitikia kwa kichwa.

"Rudini," nikasema.

Walirudi watu wa mashua nne. Barke alipofika Kismayu alinipiga kibao cha bega kwa uongo wa paa, kisha akanikumbatia hadi kofia yangu ikaanguka. Wakaenda Chovai, Omari akaezeka upya. Kwa miezi kadhaa nilikuwa mtu mwenye raha kuliko wote ninaowajua. Barke alikuja kila baada ya wiki mbili, akanisugulia sufuria, akanitukana, akaniletea vijana wake wawili nao wakanimalizia sukari. Hiyo ndiyo furaha niliyoinunua, na sijapata kuona nyengine mfano wake.

Maalim hakuwarudisha watu kwa huruma. Watu wake walikuwa wa bara, hawakujua mikondo kati ya visiwa wala kuziba mashua inayovuja. Watu wetu walijua. Siku moja walikwenda Chovai wakamtaka Omari na wanaume wengine sita waende nao. Omari aliwaambia yeye ni fundi, mashua ya kuvulia atamtengenezea yeyote, ya kupelekea watu kuua watu hatengenezi. Wakamchukua na msumeno wake.

Barke alikuja kwangu asubuhi ya pili yake. Hakuketi.

"Mwite," akasema.

Nikaita. Nilijua yuko mji gani saa ile na kwa masafa gani. Maalim akajibu, kwa upole wake ule ule, kwa Kisomali. Alisema Omari amekwenda kwenye kazi ya Mungu na mkewe asimsumbue. Barke anakijua Kisomali kama mimi, hakuhitaji mfasiri. Lakini mdomo wangu ulishazoea kazi yake, nikajikuta nasema: "Maneno ya Maalim. Asema Omari..."

"Yeo ndiyo wamtaja?" Barke akanikata. "Siku ile hukumtaja. Siku ile tulimsikia kaka yangu. Mimi sikumfuata Maalim, Athmani, mimi nimekufuata wewe. Na Omari alinifuata mimi."

Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. Akaenda mlangoni, akageuka. "Usinifuate. Na usinitumie salamu."

Jioni ile ile alipakia vijana wake kwenye gari la mkaa wakaenda mpakani. Hakuna aliyemwona Omari tena, wala wale sita.

Nami nilibaki wiki moja. Walipokuja kunitaka niwe mpokezaji wao rasmi, niliomba ruhusa ya kwenda kuswali, nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikaiacha redio ikiwa imewaka. Hivyo ndivyo nilivyofika hapa kambini kwenu, bara ya Kenya, mbali na bahari kiasi kwamba mwaka wa kwanza nilikuwa nikiamka na pua kavu nikadhani naumwa.

Yaliyobaki mnayajua. Shirika lilitaka mtu anayejua redio, Kisomali na Kibajuni kwa kazi ya kutafuta waliopotea, nami nilijua vyote vitatu na sikuwa na pa kwenda. Nimejaza fomu hadi vidole vikaota sugu. Siku ya kwanza nilifungua faili la Omari, fundi wa mashua, wa Chovai. Lingali wazi. Kila mwezi nimesoma jina lake na mengine kwenye redio ya kambini, na kila mara nikianza kwa kusema ni familia gani inayomtafuta. Wengine mlinicheka kwa kurefusha mambo.

Kisa kigumu kuliko vyote hamkukijua, kwa hiyo nakiandika. Mwanamke mzee alikuja mezani kwangu kumtafuta mwanawe. Uso wake sikuujua. Alipofungua kinywa, ule ukavu na kitetemeko vikanifikia, nikaiweka kalamu chini. Alikuwa mama yake Maalim. Wakati huo redio zilishatangaza kifo cha Maalim mara tatu, kila mara katika mji tofauti, na wafuasi wake walikuwa na kiongozi mpya.

"Andika mwalimu wa hesabu," aliniambia. "Watu wanasema mengi. Mimi nilimzaa mwalimu wa hesabu."

Nilitaka kumwambia mwanawe alinifanya nini. Nilitaka aijue Chovai, na msumeno, na wanaume saba. Alikuwa akinitazama kwa macho ya mtu anayengoja zamu yake kwenye benchi.

"Na ujumbe, mama?" nikamuuliza. "Akipatikana tumwambie nini?"

"Muulizeni amekula."

Niliandika. Nilipofika nyumbani nililia kwa ajili ya mtu yule yule niliyekuwa nikimlaani, na kwa ajili ya Omari, na sikuweza kuzitenganisha huzuni zile mbili. Msiniulize kama ni sawa. Jedwali la fomu lina nafasi ya mwenye kutafuta na mwenye kutafutwa. Hukumu haina nafasi yake pale, na siku nyingine nalishukuru, siku nyingine nalichukia.

Barke nilijua yuko Mombasa. Nilijua mtaa. Nilikaa mbali kwa kuwa aliniambia nikae mbali, na hilo lilikuwa jambo pekee aliloniachia nimfanyie. Wapo waliokwenda na kurudi, nami sikuwapa salamu wala kuwaambia nina dada kule, ingawa kila mmoja nilimuuliza kwa kuzungukazunguka hali ya hewa ya mtaa ule, hadi wakaniona mzee mwenye wazimu wa mvua.

Sasa mwezi uliopita, wakati mimi nahesabu siku zangu za mwisho, ilifika bahasha ya fomu kutoka Mombasa. Zahra, anayekaa meza inayoelekeana na yangu, ndiye aliyeifungua. Akasoma moja, akasoma ya pili, akaivuta karibu na macho. Kisha akainuka akaniletea, jambo ambalo haruhusiwi.

Anayetafuta: Barke, wa Chovai. Anayetafutwa: Athmani, kaka. Kazi: mpitisha sauti. Mara ya mwisho kuonana: Kismayu. Hali: hajulikani kama yu hai.

Kumbe kule walimwambia kwamba nilikamatwa wiki ile aliyoondoka. Miaka yote hii nimejua dada yangu yuko wapi, naye hakujua kama nina kaburi. Mimi, wa kazi hii! Nilitii neno lake nikasahau kwamba mtu aliyekasirika pia hukaa akisubiri.

Sheria ni sheria, mtu hashughulikii faili lake mwenyewe. Zahra akapiga simu, mimi nimekaa mbele yake kama wateja wetu wanavyokaa, nimeshika magoti.

"Mama Barke? Amepatikana. Yu hai." Zahra akageuza uso kwenye dirisha. "Ndiyo, mama. Mzima kabisa. Nimpe simu mzungumze?"

Akasikiliza. Akaandika kitu kwenye karatasi, akakata simu.

"Hataki simu, mzee," akaniambia. Nikainuka nitoke, kwa kuwa nilishapata zaidi ya nilichostahili. "Kaa, sijamaliza. Asema sauti yako ameisikia ya kutosha. Asema uende, akuone."

Kesho yake nilikwenda kuomba kibali cha kutoka kambini. Afisa alikuwa kijana mstaarabu mwenye foleni ndefu. Alinisomea sababu za safari zinazokubalika: matibabu, masomo, biashara, mahakama.

"Mzee, wewe unakwenda Mombasa kufanya nini?"

"Kuonekana," nikamwambia.

Alinitazama kidogo, akainamisha kichwa, akaandika matibabu.